Njaa ya Hidaya

Siku hizo waliokufa walihamishiwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa safari za anga, na huko waliendelea kusikia njaa. Asiyelishwa kwa siku tatu alifutika, asionekane tena.

Kila alasiri Bi Mwajabu alivaa miwani ya mchezo, akashuka kwenye sayari aliko bintiye, Hidaya, akayeyusha barafu, akamwagilia viazi, akampikia. Leo viazi vyote vilikuwa vimeoza. Mkobani alibakiwa na mkate mmoja mkavu, akampa.

"Nawe, mama?"

"Nimeshakula, mwanangu."

Nyumbani, mumewe, Mzee Kombo, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ugali uliopoa. Tangu jana mkewe hakutia kitu kinywani.

"Mwajabu, mtoto tulishamzika. Kula."

Sauti ya Hidaya ikatoka kwenye spika, dhaifu kama siku zile za wodini. "Mama, huyo ni baba? Mbona haji?"

Mzee Kombo hakuwahi kukanyaga huko. Aliweka sahani chini, akaketi kando ya mkewe, machozi yakimlengalenga.

"Hivyo viazi," akauliza taratibu, "vinakomaa baada ya siku ngapi?"