Marehemu Anakunywa Uji

Ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Sufuria ya uji ya Bi Mashavu, muuza uji, ilikuwa bado imejaa pomoni. Tangu jana, simu za mji mzima zilikuwa zikipokezana ujumbe wa sauti kwamba uji wake umemuua Zamoyo, fundi baiskeli.

Zamoyo mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la Mashavu, akipuliza bakuli la uji.

"Shoga, si unamwona?" Mashavu alimwuliza jirani yake, Hidaya.

"Namwona. Lakini sauti ilisema amezikwa."

"Nizikwe na njaa, dada?" aliuliza Zamoyo.

"Usinifanyie mzaha. Jana nimekulilia mpaka macho yamevimba."

Mashavu aliukaza mkono kwenye upawa. "Na ujumbe huo uliwatumia wangapi?"

"Wote. Niliwaonea huruma wasije wakaunywa."

"Basi watumie na huu, kwamba yu hai."

Hidaya alimtazama Zamoyo toka utosini hadi unyayoni.

"Huo sina hakika nao."

Zamoyo aliomba bakuli la pili. Hidaya alikwenda zake, simu sikioni. Mashavu aliuinua upawa uliojaa, macho mgongoni mwa Hidaya, uji wa moto ukamchuruzika mkononi, wala hakuushusha.