Mlango Uliokubali Kisamvu

Palikuwa na Komba, mwenye macho kama sahani, bingwa wa michezo ya mtandaoni. Siku moja akapata baruapepe yenye nembo inayometameta: "Thibitisha neno lako la siri, la sivyo shujaa wako atafutwa." Akaisoma kwa sauti, vidole tayari kwenye vitufe, kwani shujaa huyo wa mchezoni alikuwa amemlea kwa miaka mitatu.

"Wape kwanza neno la uongo," akasema jirani yake Fuko, asiyeona.

"Kipofu wewe, utajua nini? Laiti ungeiona nembo!"

Hata hivyo akaandika neno la uongo: kisamvu. Papo hapo likaja jibu: "Hongera! Neno ni sahihi."

Komba akamtazama Fuko kama aonaye mwezi ukipasua mawingu.

"Umejuaje, jirani, kwamba ni matapeli?"

"Mlango wako wewe, ndugu yangu, haufunguki kwa kila ufunguo."