Pipa Lenye Mkwaruzo

"Onja, Winfrida, mgeni aone," alisema bosi wa mashine ya kukamua alizeti pale Ihanja, akimnyooshea kijiko cha mafuta.

Winfrida ana usonji, na kichwani mwake kila jambo ni picha isiyofutika. Aliutazama mkwaruzo ubavuni mwa pipa la mafuta. Juzi bosi aliinama hapo hapo, asijue anatazamwa, akachomoa panya kwa mkia, manyoya yamelowa, tumbo limetuna. Akamtupa nje, akafunika.

Sasa panya yule alining'inia mbele ya kijiko, akichuruzika mafuta.

"Kwani si safi?" mama mnunuzi aliuliza.

"Muulize yeye," bosi alicheka. "Huyu hajui kudanganya."

Winfrida alirudisha kijiko.

"Panya alikuwa na mimba," alisema.