Pezi Moja

Sheria humpa kila mtu mawimbi mia moja maishani. Ukifa hujayamaliza, mamako ndiye anayerithi yaliyobaki, na asipoyapanda kabla ya arobaini yako, jina lako hufutwa kila mahali, hata kaburini. Mejumaa alizama akiwa kwenye wimbi la tisini na tisa. Ndiyo maana siku ya thelathini mamake, Bi Mishi, asiyejua hata kuogelea, alisimama pekupeku katika karakana ya Fundi Nyale, apimwe ubao wa kupandia wimbi.

Fundi alimsukuma kidogo mgongoni ili aone mguu gani utatangulia. Ukatangulia wa kulia. Fundi akainama kuutazama.

"Na wake ulikuwa huu?" Bi Mishi akauliza.

"Huu huu, mama." Akapanga juu ya meza mapezi ya kufungwa chini ya ubao. "Yeye nilimfungia matatu. Yanageuka upesi, na alipenda kucheza na wimbi. Pezi moja ni gumu kugeuka. Litakupeleka moja kwa moja tu, mpaka mchangani."

Bi Mishi aliliokota lile moja, akaliwekea kiganja kama anayepima homa ya mtoto.

"Nifungie hili," akasema. "Yeye hakufika."