Bar ya Inchi Kumi na Nne

Kipyego aliibwaga injini ya msumeno kwenye kaunta ya Akumu, mwenye duka la vipuri mjini Eldoret, kama mtu aliyeleta kichwa cha ng'ombe akiulizia kiwiliwili. Bar, lile bapa la chuma ambalo cheni huzungukia, haikuwapo. Cheni nayo haikuwapo.

"Zilienda wapi?" Akumu akauliza.

"Ndugu yangu anajua."

Hilo ndilo jibu alilolitoa kwa miaka sita, tangu wiki waliyomzika baba yao. Msumeno wa mzee ulikutwa stoo ukiwa injini tupu, na Kipyego, ambaye hahitaji ushahidi kama watu wa kawaida, akajua papo hapo kwamba Isaiah ni mwizi. Mwizi wa nini, hakusema. Mtu mwenye heshima zake hazunguki akitangaza vitu. Aliacha tu kumsalimia. Hata mama yao, Mama Chebet, alipouliza kosa ni nini, aliambiwa vivyo hivyo: anajua mwenyewe.

"Na nyumbani ulitafuta vizuri?"

"Madam, nimetafuta kila mahali mwanaume anaweza kutafuta. Nipe ya inchi twenty. Mti ni mnene, tena umeinama."

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi ulioinamia jiko la Mama. Juma lililopita tawi lilianguka hatua mbili kutoka mlangoni, Mama akiwa ndani anapika. Kipyego aliliona akiwa nje, mahali anapoletewa chai siku zote. Tangu apashwe tohara hajakanyaga jikoni, kama desturi ya kwao kwa wanaume, na hakuwa na mpango wa kuanza. Lakini usiku ule hakulala. Mvua ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa mmoja tu.

Isaiah alikuwa ametuma ujumbe kwamba angekuja na kamba, avute mti uangukie shambani. Kipyego akajibu kwamba hafanyi kazi na wezi.

"Mzee, bar haifuati mti, inafuata engine," Akumu akasema. "Hii yako ni ndogo. Ukiifunga ya twenty itachoka kabla mti haujaskia chochote. Chukua fourteen. Mti mnene unaanza upande huu, unamalizia upande ule."

Kisha akatoa cheni. Ilipaswa kushikana na gia ya injini, itoshee mfereji wa bar, na vijino vyake vya chini viwe hamsini na viwili. Vikizidi inalegea, vikipungua haifiki. Alivihesabu mara mbili.

"Ungeleta ile ya zamani tungelinganisha tu."

"Muulize Isaiah."

"Na nani atavuta kamba?"

"Kamba ni ya watu hawajui hesabu," Kipyego akasema, akaondoka na mzigo wake.

Jumamosi asubuhi Mama alizima moto, akafunga jiko, akasema anaenda kukaa kwa Isaiah mpaka hesabu iishe.

Tuseme haki: bar ilikuwa sawa na cheni ilikuwa sawa. Zilipita kwenye ule mti kama uzi kwenye ugali wa moto. Kipyego alianza upande huu akamalizia upande ule, kama alivyofundishwa, akarudi nyuma kutazama kazi ya mtu asiyehitaji msaada. Mkaratusi ukafikiri kidogo. Halafu ukaenda pale ulipokuwa umeinamia miaka yote, ukang'oa paa la jiko na ukuta wa mbele.

Isaiah alifika mbio, Mama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ndugu hao walisimama bega kwa bega, vumbi likitulia, wakitazama jikoni kwa mama yao kulivyo ndani.

Masufuria yalikuwa yamepondeka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama. Juu ya meko, kwenye msumari, ilining'inia bar ya inchi kumi na nne, nyeusi kwa masizi, imeviringishiwa cheni.

"Hiyo ishusheni polepole," Mama akasema. "Baba yenu aliiweka kwa moshi isishike kutu. Aliniambia nimpe wa kwanza kuuliza."