Kamba Nyekundu

Binti yangu aligonga wimbi, akarushwa kutoka kwenye pikipiki ya maji, akatumbukia kichwa chini. Mimi nilikuwa gatini, spana mkononi. Nikabana pumzi nisikilize injini.

Mimi ndiye fundi wa vyombo hivi. Vile vya zamani, ukianguka, vilizunguka polepole vikikusubiri kama punda mwenye adabu. Hivi vya sasa havina subira. Vina kamba nyekundu tu: ncha moja unachomeka kwenye swichi, nyingine unafunga mkononi. Ukidondoka, kamba inachomoka, injini inazima. Usipoifunga, chombo kinaweza kukurudia juu ya kichwa.

Lakini binti yangu, kama wenzake wote hapa, huifunga kwenye usukani. Eti inambana. Asubuhi ile tuligombana tena.

“Mama, mimi si mtoto!” alisema, akanipa mgongo.

Injini ikazima. Ziwa zima likanyamaza.

Miaka yote hii kazi yangu ni kuwasha injini, na sijawahi kufurahia iliyozima hadi siku ile. Spana iliniponyoka, ikazama. Sikuijali.

Kichwa chake kikaibuka, nywele zimemfunika macho.

“Mama! Dude lako limezima!”

Akanyoosha mkono juu kwa hasira. Kamba nyekundu ilikuwa ikining’inia kwenye kifundo cha mkono huo, ikichuruzika maji.

Nikaketi pale pale kwenye mbao za gati.

“Nimesikia, mama yangu,” nikamjibu. “Nimesikia.”