Sarafu ya Chai

Saa nne kamili asubuhi, kama kila siku ya kazi, Ngazi alirusha sarafu.

"Picha," alisema Kimya bila kuinua macho kwenye daftari lake.

Ikawa picha. Ngazi akaguna, akaitia sarafu mfukoni na kuchukua birika. Aliyeshindwa ndiye aliyeshuka ghorofa tatu kufuata chai, na leo alikuwa ameshindwa kwa mara ya sabini na tatu mfululizo.

Jina hilo la Ngazi alipewa na Mama Mihuri, karani wa idara ya hisabati, ambaye meza yake ilikuwa karibu na mlango na hakuna kilichompita. Kimya naye alipewa lake siku ya kwanza alipoulizwa habari za asubuhi na akajibu kwa kichwa.

"Mwanangu," alisema Mama Mihuri, "wewe una nuksi au una mapenzi?"

"Sarafu haina kumbukumbu, mama. Hata nikishindwa mara elfu, ya kesho ni nusu kwa nusu. Muulize Profesa wangu hapa."

"Ni kweli," alisema Kimya, akizidi kuinama. Masikio yalikuwa yamemwaka moto.

Ngazi hakufika hata kwenye ngazi. Mkuu wa idara alimkuta mlangoni, barua mkononi.

"Weka birika chini. Karatasi yenu ya utafiti imekubaliwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisabati. Tiketi ni moja. Nataka jina la msemaji kabla ya saa tano."

Kimya aliacha kuandika.

Karatasi yenyewe ilihusu karata: zichanganywe mara ngapi mpaka zisahau zilivyokuwa zimepangwa. Kwa miaka miwili walikuwa wamekwama, mpaka alasiri moja Kimya alipochora nyuma ya bahasha kuonyesha kwamba ukiufuata mchanganyiko kinyumenyume, hesabu yote inafunguka. Lakini karatasi haikusema hivyo. Wanahisabati hupanga majina yao kwa alfabeti, na wazo huwa la wote. Mbele ya watu mia tatu, atakayesimama kulieleza ndiye atakayekumbukwa nalo.

Mara ya mwisho Kimya kusimama mbele ya watu, walikuwa kumi na wawili, na aliongea na ubao mwanzo hadi mwisho.

"Aende Ngazi," alisema haraka. "Yeye anajua kuongea. Wanafunzi wanampenda na viinimacho vyake."

Ngazi aliingiza mikono yote miwili mifukoni.

"Haki ni haki," alisema. "Turushe. Safari hii mshindi ndiye aende."

"Jamani, tiketi ya ndege kwa sarafu ya chai?" Mama Mihuri alishangaa.

"Mkikubaliana wenyewe, mimi sina neno," alisema mkuu, akitazama saa. "Mradi jina."

"Chagua, Profesa," alisema Ngazi, mikono bado mifukoni.

Kimya alishusha pumzi. Kumbe mambo yangekuwa rahisi hivi! Siku ya tisa ya mchezo wao wa chai, sarafu ile iliponyoka, ikabingirika mpaka chini ya kabati. Aliyeinama kuiokota alikuwa yeye, na aliiona: picha huku, picha huku. Alimrudishia mwenyewe bila neno. Katika maisha yake hakuwahi kuona mtu anayefanya hila ili ashindwe. Tena chai ile ilikuja na vijiko viwili vya sukari bila kuulizwa. Kwa hiyo akaitunza siri siku moja, na siku ya pili, hadi zikawa sitini na nne.

"Namba," alisema.

Mama Mihuri aliacha kupiga chapa. "Leo tena namba?"

"Nabadilisha tu."

Sarafu ikapaa, ikapiga meza, ikazunguka, ikalala. Kimya hakuitazama. Alikuwa ameshaanza kukusanya kurasa zake zote, hata ile bahasha, ampe msafiri.

"Namba," alisema mkuu wa idara. "Hongera, binti. Andaa mkoba."

"Haiwezekani!"

Wote wakamgeukia. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Haiwezekani vipi?" aliuliza mkuu. "Wewe ndiye mtaalamu wa nusu kwa nusu."

Kimya akafungua mdomo. Akiwaeleza kwa nini haiwezekani, atalazimika kueleza na chai ya siku sitini na nne. Akaufunga.

Huku nyuma Mama Mihuri alikwisha kuandika jina, na kabla mtu hajakohoa muhuri ukalia: pa! Mkuu akaichukua barua na kwenda zake, akipiga mluzi.

Kimya aliinyakua sarafu mezani. Namba. Akaigeuza. Namba. Akaigeuza tena, kana kwamba ingemhurumia.

"Ulijua lini kwamba ninajua?" alinong'ona.

"Siku ya kumi," alisema Ngazi. "Uliacha kuitazama ikianguka."

"Na kama ningesema picha?"

Ngazi alitoa mkono wa kushoto mfukoni, akaufungua. Ile ya zamani ilikuwa imelala kiganjani, ina jasho.

"Tangu tulipotuma karatasi natembea nazo mbili."

"Kwa nini usiniambie tu niende?"

"Ungekubali?"

Mama Mihuri, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Ngazi aliokota birika. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Wazo ni lako," alisema, kwa sauti ambayo hata droo iliisikia. "Mimi nilibeba birika tu."